Ruhusa ya Msiba

Dada yake, Mwanawetu, alipiga simu asubuhi, Haruna akiwa ndiyo kwanza anafungua madirisha ya masjala. Hakusalimia.

"Haruna, mama hatunaye. Kaondoka alfajiri. Tunazika baada ya alasiri, wahi maji kabla hayajatoka."

Haruna alisema inna lillahi, kisha akaufunika mdomo kwa kiganja. Kwenye korido watu walikuwa wanapita kwenda kusaini daftari la mahudhurio, na yeye hakuwa na haki ya kuonekana analia. Msiba huo ofisi nzima ilishaulia na kuumaliza miezi mitatu iliyopita.

Heri niiseme shida yenyewe mapema kuliko kuizungusha. Mwezi wa sita Haruna alikwenda kwa afisa utumishi, Bi Muzdalifa, akamwambia amefiwa na mama. Mama hakuwa amekufa. Alikuwa Maparoni, juu ya dungu, kile kibanda cha miti ambamo watu wa delta hulala msimu mzima wakilinda mpunga. Goti lilikuwa limemvimba, ndege wanakula mchana, nguruwe wanakula usiku, na mpunga umeiva hauna wa kuuvuna. Likizo yake ya mwaka Haruna alishaimaliza hospitalini akimuuguza bintiye. Kwenda kuomba ruhusa ya kuvuna mpunga ni kujitafutia kuchekwa. Ruhusa inayotoka bila maswali ni ya kufiwa, na hiyo nayo si ya kufiwa na yeyote: mzazi, mwenza, mtoto, basi. Akamfisha mama yake kwa wiki moja, akavuna, akarudi ofisini kidole kimekatwa na kisu. Wenzake walipomuuliza kidole kimefanya nini, akasema ni jembe la kuchimbia kaburi.

Kazi ya ofisi ina utamu wake, tusidanganyane. Mshahara unaingia hata mwaka ambao mvua haikunyesha. Unakaa kivulini, feni inakupepea, na ukienda kijijini watu wazima wanakupisha kiti. Lakini hayo yote Haruna angeweza kuyaacha. Asichoweza kuacha ni kadi ya bima. Binti yake Warda ana selimundu. Kadi ndiyo inayomlaza, ndiyo inayomwongezea damu, ndiyo inayompa vidonge kila mwezi. Habiba, mama yake Warda, husema kwamba bila ile kadi mtoto huyu sasa tungekuwa tunamhadithia tu. Na uchungu wa kazi ya ofisi ni kwamba mwenye siku zako si wewe. Hata mama yako, kumzika unaomba.

Haruna akajifuta uso kwa shati, akaenda kuomba.

*

Bi Muzdalifa alikuwa amesimama mlangoni kwake, anamwelekeza mfagiaji pa kuweka viti. Siku hiyo walikuwa wanakuja wageni kutoka mkoani, na kitu cha kwanza kukaguliwa kilikuwa masjala.

"Shikamoo, Bi Muzdalifa."

"Marahaba, Haruna. Mafaili yako yamekaa sawa?"

"Yamekaa sawa. Nilikuwa na ombi. Nimefiwa na mama mkubwa, kule Maparoni. Wanazika leo."

Alisema mama mkubwa kwa sababu ndilo jina lililomjia karibu zaidi na mama. Bi Muzdalifa akaweka mkono kifuani.

"Pole sana, kaka yangu. Misiba inakuandama wewe mwaka huu." Halafu sauti ikageuka ya kazini. "Ila mama mkubwa hayumo kwenye kanuni, unajua. Na leo ndiyo leo. Wageni wakute masjala ina kufuli, mimi nitajificha wapi? Na una barua ya onyo ya kuchelewa, nimeikalia mimi ili isifike kwa mkuu."

"Nitarudi kesho asubuhi."

"Haruna, usinifanye niwe mbaya. Ingekuwa mama, ningekuruhusu hata angekuwa anakuja waziri. Mama ni mama. Lakini wako tulishamsitiri, Mungu amrehemu."

"Amin," akasema Haruna.

Amin hiyo alikuwa ameisema kwa miezi mitatu. Bi Muzdalifa ndiye aliyepitisha bahasha ya rambirambi mwezi wa sita, ndiye aliyenunua sukari, mchele na doti mbili za kanga, akakodi gari na wenzake sita wakaja mpaka Nyamisati. Maji yakawaokoa wote: walifika yameshatoka, boti hazipiti, wakamwachia mizigo mwenye boti wakarudi. Jioni walisoma Yasini ukumbini. Na mama yake yeye Bi Muzdalifa alipofariki mwezi wa saba, alimwambia Haruna mbele ya watu, wewe peke yako ndiye unayenielewa humu ndani.

Tena alikuwa na huruma na sheria kwa pamoja. Haruna aliporudi na uongo wake, Bi Muzdalifa alimwomba, kwa upole, kadi ya bima ya marehemu, maana kadi ya mtu aliyekufa hairuhusiwi kubaki kwa wafiwa. Haruna akaifuata kwa mama. Mama aliitoa kwenye kibindo huku akicheka. "Chukua. Maiti ana homa gani?"

*

Nyuma ya ofisi kuna tangi la maji, na hapo ndipo watumishi huenda kusikiliza simu zao za siri. Haruna alimpigia mkewe.

"Mama Warda, mama amefariki."

Habiba alilia kidogo, kimyakimya, kisha akanyamaza ghafla. Akili yake ilikuwa imefika pale pale ilipokwama ya mumewe.

"Umewaambiaje ofisini?"

"Nimesema mama mkubwa. Wamekataa."

"Ondoka tu, usiage."

"Leo kuna wageni, na onyo ninalo. Nikiondoka bila kuaga nimejifukuza mwenyewe."

Halafu Habiba akasema, "Sema nimekufa mimi."

"Astaghfirullah! Habiba!"

"Mwenza si yumo kwenye kanuni? Sema nimekufa. Nitajifungia ndani."

"Maneno huumba, we mwanamke! Yule nimemtamkia mwezi wa sita, leo hayupo. Unataka nikutamkie na wewe?"

Habiba alianza kulia tena, safari hii kwa hofu. Ni jambo ambalo wote wawili walikuwa wamelifikiria tangu simu ya kwanza, na sasa limesemwa.

"Basi usiende," akasema. "Dada Mwanawetu atakuelewa. Tutakwenda kwenye arobaini."

"Mtoto wa kiume ni mimi peke yangu. Nani atampokea kaburini?"

"Wanaume wapo kijijini."

"Watampokea watu wengine, mimi nipo Kibiti napanga mafaili?"

"Nakuomba, Baba Warda. Usithubutu kusema ukweli. Lia chooni, lia popote, lakini usiseme. Jumatatu mtoto ana kliniki. Utampeleka na nini?"

Haruna alikata simu, akabaki anaangalia maji yanavyodondoka kutoka kwenye tangi. Ilikuwa wiki ya maji mafu, bahari inajaa kidogo tu kisha inaondoka, na mkondo wa kwenda kwao haupitiki maji yakishapungua. Kutoka Kibiti mpaka Bungu, na kutoka Bungu mpaka Nyamisati, kwa bodaboda isiyosimama popote, alikuwa na nafasi ndogo. Kila dakika aliyosimama pale ilikuwa inamtenga na mama yake.

Alirudi masjala. Akakaa. Akachukua faili la juu, akalifungua, akalifunga. Karani wa uhasibu, Saidy, akachungulia mlangoni na kumkumbusha kwamba wageni wameshapita Mkuranga. "Mbona macho mekundu hivyo, bwana?" akauliza. Haruna akasema ni vumbi la mafaili. Akajisikia akilisema, sauti nyepesi kabisa ya mtu aliyezoea, na akachukia nafsi yake kuliko alivyowahi kuichukia. Mama amelazwa chini, amefunikwa shuka, na yeye anasingizia vumbi.

Akanyanyuka.

*

Ofisini kwa Bi Muzdalifa kulikuwa na chai. Saidy alikuwa amekwisha kaa, ana kitumbua mkononi, na mhudumu anapanga vikombe vya wageni.

"Bi Muzdalifa, naomba tuongee wawili."

"Sema tu, Haruna, muda hatuna."

"Aliyekufa si mama mkubwa. Ni mama yangu."

Bi Muzdalifa alitabasamu kwa huzuni, akidhani mtu amechanganyikiwa. "Mama yako alifariki mwezi wa sita."

"Hakufariki. Nilidanganya. Nilikwenda kuvuna mpunga. Amefariki leo alfajiri."

Kitumbua cha Saidy kikabaki hewani. Mhudumu akaacha kupanga vikombe, na kwa sababu Mungu hakumnyima masikio, habari ilikuwa ofisi nzima kabla chai haijapoa.

Bi Muzdalifa alikaa. Alipozungumza, hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha.

"Mimi nilisimama pale ukumbini nikasoma Yasini."

"Najua."

"Nikalia. Na mama yangu alipokufa, mimi nilikuwa nakwambia wewe mambo yangu. Nakuuliza, usiku ulikuwa unalala vipi? Na wewe unanijibu! Unaniambia inapungua polepole, dada, vumilia."

Haruna alitazama miguu yake. Hakuna aibu aliyowahi kuipata inayofanana na hiyo, na alijua anaistahili yote.

"Na kadi ukaleta," akaendelea. "Ukaniletea kadi ya mtu mzima, mwenye uhai wake, nikaiandika kwamba imerudishwa."

"Nisamehe, Bi Muzdalifa. Maji yanaondoka. Naomba nikamzike."

Saidy alikohoa. Bi Muzdalifa alimgeukia. "We, nje." Kisha akamrudia Haruna.

"Nenda. Mazishi simnyimi mtu, mimi si Firauni. Lakini ruhusa siandiki. Mtu mmoja siwezi kumwandika amekufa mara mbili. Mkuu nitamwambia mwenyewe leo leo, kabla hajaambiwa na wapika chai. Ukirudi, njoo na maelezo yako, na usije na matumaini."

"Na bima ya mtoto?"

Lilimtoka tu. Bi Muzdalifa alimtazama, na machoni mwake mlikuwa na huruma ile ile ya siku zote, ila sasa haikuwa na pa kupitia.

"Bima inakwenda na kazi, Haruna. Hilo unalijua wewe kuliko mimi."

*

Bodaboda ilimfikisha Nyamisati mwili mzima umejaa vumbi. Mwenye boti, Nurdini, alikuwa amemngoja, anatazama maji kwa wasiwasi huku mashine inanguruma.

"Panda, panda! Ningekuwa namngoja mtu mwingine ningeshaondoka. Pole, ndugu yangu."

"Nishapoa."

Waliingia kwenye mikoko. Pande zote mbili tope lilikuwa limeanza kuonekana, na mizizi imesimama juu ya maji. Nurdini alikuwa mtu wa maneno, na msiba haukumbadilisha.

"Mimi ndiye niliyempelekea mizigo yake ile ya mwezi wa sita, waliyoiacha watu wa ofisi yako. Nikamwambia, Bi Fatu, hii sukari ya matanga yako. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, wengine wanazikwa bila hata kipande cha sabuni, mimi nakunywa chai ya msiba wangu mwenyewe! Zile kanga kazivaa siku ya Idi."

Haruna alitaka kucheka na akashindwa. Alimwona mama akicheka vile, ameshika goti. Machozi aliyoyafungia tangu asubuhi yakatoka, na Nurdini, kwa adabu, akageuka kutazama mashine.

Walipofika kwenye kona ya mwisho boti ikasugua chini, ikasimama. Nurdini alinyanyua mashine. "Hapa tumekwama. Tukizubaa tunalala hapa mpaka maji ya usiku."

Haruna hakungoja kuambiwa. Alivua viatu vyake vya ofisi, vyeusi, alivyokuwa amevipiga rangi kwa ajili ya wageni, akavirusha kwenye boti na kuruka. Tope lilimfika mapajani. Alisukuma kwa kifua, analia na kutweta, suruali ya kitambaa inampasukia kwenye mshono, na kila hatua alikuwa anasema, "Ningoje, mama. Ningoje." Nurdini akashuka upande wa pili. Boti ilikwenda kidogo, ikashika, ikaenda tena, mpaka wakaipata njia ya maji.

Jeneza lilikuwa limeshaswaliwa. Walikuwa wamelibeba mabegani wanatoka nalo msikitini, na mtu wa mbele alipomwona Haruna anakuja mbio na tope mpaka kiunoni, akaita, "Simameni, mwenye mama amefika." Wakamngoja anawe miguu na kutia udhu kwa ndoo. Aliingia kaburini. Walipomshushia mama alishangaa wepesi wake. Kwenye dungu alimbeba mgongoni kumshusha ngazi, mwezi wa sita, na alikuwa mzito.

*

Baada ya mazishi wanaume walikaa kwenye mikeka mbele ya nyumba. Mwanawetu alimwita Haruna uani, penye mafiga ya matanga. Alikuwa amemwosha mama kwa mikono yake mwenyewe tangu asubuhi, amewapikia watu, amepokea mikono, na hakuna aliyemwona akidondosha chozi. Watu walikuwa wameanza kusema kwamba ana moyo mgumu.

"Kaa," alimwambia. "Nataka ulisikie kwangu, usije ukalisikia njiani."

Haruna akakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi.

"Mama kaumwa muda. Kilianza kikohozi, kikageuka kichomi. Mganga wa zahanati alikuja akasema hii ni nimonia, hapa dawa hakuna, mwahisheni Kibiti. Boti tulishaipata. Akakataa."

"Kwa nini hamkuniambia? Ijumaa nimepiga mimi mwenyewe! Kapokea yeye, kaniambia ni mafua, kaniuliza kama Warda kanywa dawa."

"Simu alituchukulia. Aliilaza chini ya mto, analala juu yake. Akatuapisha mimi na majirani."

"Ni kadi? Kwa sababu sina kadi yake? Dada, ningeuza hata kitanda!"

"Sikiliza basi." Mwanawetu alikuwa anazungumza polepole, kama mtu anayehesabu vyombo asivunje. "Kadi hata hakuitaja. Alisema hivi: pale Kibiti hospitali ni moja, watu wa ofisi ya Haruna wanapita kila siku. Wataniona. Wataniandika jina, na jina hilo kwao ni la maiti. Haruna atafukuzwa, na akifukuzwa, yule mtoto dawa atazipata wapi? Mimi nimeshakula chumvi yangu. Mwacheni afanye kazi."

Haruna alinyanyuka kwenye mbuzi, akakaa tena.

"Nilimbembeleza, wallahi. Nikamwambia mama, tukufunike ushungi, tukuandike jina langu mimi. Akasema hapana, uongo mmoja unatutosha. Jana usiku kabla hajanyamaza kabisa kasema, mwambieni Haruna akija kunizika asikae matanga, awahi kazini." Alimshika mdogo wake bega. "Kwa hiyo ondoka na maji ya usiku, tafadhali. Hitma tutasoma sisi. Mwenyewe ndivyo alivyotaka, na kazi yako ndiyo hiyo aliyokuachia."

Mbele ya nyumba mtu aliitikia dua, na wengine wakafuata. Mwanawetu aliinama kusogeza kuni chini ya sufuria, kisha kama aliyekumbuka jambo dogo akageuka.

"Nilikuwa na hofu asubuhi nilipokupigia. Nikasema, leo atatokaje yule? Umewaambia kafa nani?"

Haruna alitazama suruali yake, tope limeshakauka na kupasuka.

"Mama."

"Mama mdogo? Mama mkubwa?"

"Nimewaambia ni mama, dada. Nimewaambia yote. La mwezi wa sita, la kadi, yote."

Mwanawetu alibaki na ukuni mkononi. Alimwangalia ndugu yake, akaangalia mlango wa chumba alicholala mama siku zote zile na simu chini ya mto, akamwangalia tena. Ukuni ukadondoka. Akakaa chini mchangani, miguu ameinyoosha, akapiga ukelele ambao hakuupiga alfajiri wala mchana wala jeneza lilipotoka.

"Sasa uliugulia nini, mama? Mama yangu we, hospitali uliikatalia nini?"

Wanawake waliokuwa ndani walidhani ni uchungu wa msiba ambao hatimaye umemfika. Wakatoka, wakamzunguka kwa kanga zao, wakawa wanamwambia anyamaze, amshukuru Mungu, maana mama yao alau amezikwa na mwanawe.